Kifo cha Filamu Nyingine

Jamaa waliyemwita Sura Saba alikuwa chini ya mbao na viroba, anakufa. Ndivyo kazi ilivyotaka. Leo alikuwa mchimbaji aliyefukiwa mgodini. Mwezi uliopita alikuwa mzimu, kabla yake mchumba mwenye haya, na kabla ya hapo mlevi wa vichekesho aliyekata roho huku akipiga ngoma kwa visigino. Mtaa mzima uliiga kifo kile. Yeye mwenyewe hakukirudia hata kwa utani. "Kila filamu na mtu wake, mdogo wangu," alimwambia mpambaji wa nyuso za waigizaji, dada yake wa tumbo moja.

Mpambaji alisimama nyuma ya kamera, mkono mfukoni, ameshika dawa ya kuvuta. Pumu ya kaka yake ilikuwa siri yao wawili. Hakuna aliyewaambia kwamba vumbi la mgodi lingekuwa unga wa ngano, debe zima, likimwagwa kutoka juu ya ngazi.

"Safi kabisa," mwongozaji alinong'ona. "Mwone anavyohema! Huyu jamaa ni moto."

Mpambaji alikaza macho. Midomo ya kaka yake ilikuwa ya bluu. Lakini bluu ile aliipaka yeye asubuhi, na kijivu cha mashavuni pia. Uso haukumwambia kitu. Akiingia bure, ataharibu picha isiyoweza kurudiwa, maana ukuta wa mgodi umeshaangushwa, na siri itamwagika pamoja na unga.

Kifua kikapanda, kikakwama. Kisha visigino vikaanza. Ta-ta-ta. Ta-ta-ta.

Mpiga picha akabana kicheko. "Kaka kachanganya filamu."

Mpambaji akachomoa dawa mfukoni. Huyu hachanganyi kamwe. Ananiita mimi.

"We dada, toka kwenye picha!" mwongozaji alifoka.

Hakutoka. Alirusha mbao kando, akamkalisha kaka yake, akamtia dawa mdomoni. "Vuta, kaka. Vuta tena. Usinifanyie hivyo, vuta!"

Halafu pumzi ikaingia kwa mluzi mwembamba, ikafuatwa na nyingine.

Mwongozaji alipiga magoti kwenye unga. "Kwa nini hukuniambia, ndugu yangu?"

"Ungenipa... kazi?"

Mwongozaji akainuka, akapangusa unga magotini. Akamgeukia mpiga picha.

"Zima. Fungueni madirisha yote. Mchimbaji tutamtoa hai."