Nyumba Hii ni Yako

Nzau na Tijani walikutanishwa na matusi. Nzau alikuwa anapita tu pale mtaani Satellite, mvua imeanza, akasikia mtu ndani ya kibanda cha kushona nguo akilaani cherehani yake kwa lugha ambayo Nzau hakuwa ameisikia tangu aache kazi ya malori ya kaskazini. Akachungulia mlangoni, akaongeza tusi moja ambalo yule mshonaji alikuwa amelisahau. Tijani alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akavuta kigoda, akakipangusa vumbi, akasema kwa lugha ile ile, "Nyumba hii ni yako."

Ikawa hivyo. Kila jioni kahawa ya tangawizi, wazee wawili, cherehani imefunikwa. Nzau alikuwa ameishi Malaba, Mombasa, Kawangware, Waithaka, na kila mahali alipoanza kuchoka alifunga mfuko akaondoka. Mke alishachoka kumngoja zamani, na watoto wanamjua kwa jina tu. Pale Satellite alikuwa amekaa muda mrefu kuliko kwingine kote, na ukimwuliza kwa nini, hana jibu isipokuwa hicho kigoda.

Tijani alikuwa mkimbizi. Nyumba yake ilichomwa na askari wa jenerali mmoja mwasi, na dada yake Halima yuko kambini mpakani na watoto. Jina la jenerali huyo Tijani hakulitaja hata siku moja.

"Mama alitufunza," alisema. "Mtu aliyekuchomea nyumba, jina lake usilitie mdomoni. Ukimtaja umemkaribisha."

Akifika hapo anatema mate nje. Nzau hakuuliza zaidi. Hata kwao Mwingi kuna mambo hayaulizwi.

Kazi ya Nzau ilikuwa ngoma. Kuna mama wa Woodley anaitwa Mukonyo, ana kikundi cha wachezaji wa Kikamba, na serikali ikipata mgeni ni yeye anapigiwa simu. Vijana wanaruka sarakasi, Nzau anapuliza filimbi, kisha ngoma zinakatika kidogo, na katika ile nafasi mzee mwitaji analiita jina la mgeni kwa sauti ya kufika mbinguni. Mwitaji ni Nzau. Jina lenyewe hupewi mapema. Mgeni akiwa anashuka garini ndiyo unanong'onezewa. Unalishika hivyo hivyo, unalipiga.

Siku hiyo waliitwa mjini, kwenye ngazi za jumba la mikutano. Mtu wa serikali mwenye suti akamwinamia Nzau, akamtajia jina refu.

"Utaliweza, mzee?"

"Hiyo lugha naijua," Nzau akajibu, na kusema kweli alijisikia mtu. "Hata nitamwongezea salamu ya kwao."

Ngoma zikakatika. Nzau akaliita lile jina vizuri, kila herufi mahali pake, halafu akamalizia kwa maneno aliyofundishwa na Tijani: Nyumba hii ni yako! Mgeni, mtu mnene mwenye miwani ya giza, akasimama, akacheka, akaja kumpa mkono. Rais naye akapiga makofi. Mukonyo alirudi nyumbani akiimba.

Jioni Nzau alifika kibandani, akakuta kigoda kimepinduliwa juu ya meza, miguu inaangalia dari. Tijani alikuwa ameshika simu. Alibonyeza tu, na sauti ya Nzau ikatoka mle ndani ikimkaribisha yule mtu nyumbani.

"Ndiye?" Nzau akauliza.

Tijani akatoka nje, akatema mate. Alipoingia tena alifunua cherehani akaanza kushona, na Nzau akasimama pale mpaka akaona aibu ya kusimama.

Kwa nini jenerali aliletwa, hakuna aliyejua. Bunge halikuulizwa. Wengine walisema Rais anataka aitwe mpatanishi, wengine wakasema kuna dhahabu. Muuza magazeti wa pale barabarani alisema vizuri zaidi: "Rais analala na neno lake, sisi tunaamka na rafiki mpya." Serikali ya kule kwao Tijani ilikasirika, ikakataza chai ya Kenya isivuke mpaka. Everlyn, jirani ya Nzau, aliyekuwa akipakia chai kwenye ghala moja Industrial Area, akarudishwa nyumbani. Akaenda moja kwa moja kibandani.

"Watu wenu wamekataa chai yetu!" akamfokea Tijani. "Na nyinyi tumewaweka hapa!"

"Watu wangu gani, mama? Wanaokataa chai walinifukuza. Na yule mnayemnywesha chai alinichomea nyumba."

"Mimi sijui hizo story. Mimi najua sina kazi."

Nzau alisikia yote akiwa ng'ambo ya barabara. Alitaka kuvuka. Lakini angevuka kama nani? Usiku ule alifunga mfuko wake kama zamani, asubuhi akaufungua.

Baada ya miezi Mukonyo akapiga simu. "Mzee, yule mgeni wako anarudi. Amekuulizia, unasikia? Wanataka wewe!"

"Nitakuja, mwaitu," Nzau akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

Angeweza kukataa. Ila akikataa, ataitwa mwingine, na jina litaitwa tu. Alitaka ile nafasi iwepo na ibaki tupu, watu waione, na Tijani aione kwenye simu yake.

Ngazi zile zile. Filimbi, sarakasi, ngoma zikakatika. Nzau akafumba mdomo.

"Ita!" Mukonyo akanong'ona nyuma yake. "Ita, mzee!"

Wapiga ngoma wakaanza tena, vijana wakaruka tena jasho likiwatoka, ngoma zikakatika mara ya pili. Jenerali alikuwa ameshanyoosha mkono nusu, anangoja. Pale ngazini palikuwa kimya mpaka ukasikia bendera zikipigwa na upepo. Nzau aliangalia viatu vya Rais. Halafu mtu mwenye suti akapiga makofi kwa nguvu, wengine wakafuata, wageni wakaingia ndani.

"Umeniua," Mukonyo akamwambia, machozi yanamlengalenga. "Nina watu wa kulisha, mzee. Si ungekataa kwa simu?"

"Nisamehe, mwaitu."

Mukonyo akanyoosha mkono. Nzau akavua filimbi shingoni akampa.

Alirudi Satellite haraka kama kijana. Kwenye hoteli ya pembeni runinga ilikuwa wazi, taarifa ya habari imeanza, akasimama mlangoni. Wakaonyesha ngazi, wakaonyesha vijana wakiruka. Ngoma zikakatika, na sauti ya Nzau ikaliita lile jina, kila herufi mahali pake, ikamalizia, Nyumba hii ni yako. Picha ya leo, sauti ya siku ile. Labda fundi mmoja aliona pengo akaliziba tu.

"Si ni wewe, mzee!" mhudumu akasema. "Umekuwa staa!"

Nzau akaenda kibandani. Tijani alikuwa anakunja sare za shule.

"Sikumwita," Nzau akasema kwa lugha yao ya malori. "Waliweka sauti ya zamani. Leo nilinyamaza."

Tijani aliangalia shingo yake isiyo na filimbi.

"Najua," akasema. "Mdomo wako haukufunguka. Niliutazama."

"Basi?"

"Basi mimi nakuamini. Lakini Halima naye ana simu kule kambini, na hakuona mdomo. Alisikia tu. Ameniuliza, huyo ndiye rafiki uliyekuwa unatusimulia? Watu wa kambi nzima wamesikia. Nitamwambia kila mmoja wao kwamba ulinyamaza?"

Nje mtu alikuwa anafunga duka, mabati yanalia.

Tijani akamimina kahawa, kikombe kimoja, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. Kigoda kilibaki pale juu ya meza. Nzau alikunywa amesimama, polepole, mpaka ile tangawizi ya chini, akarudisha kikombe, akasema asante kwa lugha yao.

"Karibu," Tijani akajibu. Kwa Kiswahili.