Vigae Thelathini

Hakuwa na duka lake, hakuwa na kipaza sauti, wala hakuwa na kiti katika duka alikokuwa akionyesha mchezo isipokuwa cha kukunja alichokuja nacho kwapani kila Jumamosi. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Hakuwa na meno mawili ya mbele, kwa hiyo neno "sheria" lilimtoka na mluzi mdogo. Hakuwa na subira na mtu anayemkatiza. Na kubwa kuliko yote, katika Jumamosi thelathini na moja za kuonyesha mchezo, hakuwahi kupata watu wanne wa kukaa mezani kwake mpaka mwisho.

Pale dukani walimwita Mzee Kanuni. Jina lilianza kama dhihaka, yeye akalipokea kama cheo.

Duka lenyewe liliuza vitu vya watu wenye mapenzi na kazi za mikono na michezo: ndege za plastiki za kuunganisha kwa gundi, rangi za vichupa, nyuzi za kufuma, picha zilizokatwakatwa vipande elfu moja vya kupanga upya, na rafu mbili za michezo ya mezani. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi aliyelirithi kwa baba yake. Yeye ndiye aliyemwambia mzee, mwaka uliopita, "Watu hawanunui mchezo wasioujua. Nikupe meza dirishani, uwaonyeshe." Mzee akakubali kabla mama huyo hajafunga mdomo.

Mchezo wa kuonyesha ulikuwa mmoja, wa reli. Ndani ya boksi mlikuwa na mfuko wa kitambaa wenye vigae themanini na vinne, kila kigae kimechorwa kipande cha njia ya reli. Mchezaji anatia mkono mfukoni, anatoa kigae, anaunga njia yake kutoka stesheni hadi stesheni. Mfuko ukiisha, mchezo umekwisha, anahesabiwa aliyeunga stesheni nyingi zaidi. Ni mchezo mwepesi. Tatizo ni kwamba mfuko ulikuwa hauishi.

Maelezo ya mchezo yalikuja kwa lugha ya kigeni, na hapo ndipo mzee alipoona nafasi yake. Miaka thelathini na minne alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, na hiyo lugha aliisomea shule ya usiku, akitoka kazini na wino kwenye kucha. Alikaa wiki mbili na kamusi. Akapiga taipu karatasi mbili safi, kila neno mahali pake, mwenye duka akazitoa nakala na kutia moja katika kila boksi. Picha za kwenye maelezo yale ya awali aliziacha. Kiwandani picha zilikuwa kazi ya chumba kingine, na maishani mwake mzee aliamini kwamba picha ni za watoto na watu wenye haraka.

Maboksi tisa yalikwishatoka. Manane yalichukuliwa na wateja. La tisa mzee alilinunua mwenyewe akampelekea kaka yake.

Kaka mtu alikuwa mwalimu mstaafu, anakaa mji mwingine. Wazazi wao waliweza kusomesha mtoto mmoja tu mchana, na mmoja huyo hakuwa Mzee Kanuni. Hawakugombana kwa hilo hata siku moja. Ila kila barua ya kaka ilipofika, mzee aliisoma kwanza akitafuta makosa ya herufi. Ya mwisho haikuwa na kosa hata moja, ndiyo maana ilimuuma zaidi:

"Mdogo wangu, mchezo ni mzuri ila hauna mwisho. Mimi na shemeji yako tulianza baada ya chakula cha mchana, jua likatuzamia. Tumeuweka juu ya kabati. Labda kuna kitu hukukielewa."

Hukukielewa. Mzee alilitafuna neno hilo wiki nzima. Mwishowe akaandika jibu la kurasa tatu kuhusu watu waliosoma sana wakasahau kutulia. Akabandika stempu. Bahasha hakuifunga, kwa sababu alitaka kuongeza mstari mmoja chini: "Leo watu wanne wamecheza mpaka mwisho, na hakuna aliyelalamika."

Na mstari huo ulikuwa na siku yake, maana mwenye duka alikuwa amempa Jumamosi moja tu iliyobaki.

"Mzee wangu, nakuheshimu," alimwambia. "Lakini watu wanakaa hapo saa nzima, wanaondoka wanapiga miayo, hawanunui. Hapo naweza kuweka kabati la kioo la vigari. Nipe wateja wanne wamalize mchezo mmoja, meza ibaki. La sivyo, Jumatatu fundi analeta kabati."

Basi Jumamosi hiyo mzee alifika kabla mlango haujafunguliwa, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, na bahasha ya kaka yake ndani ya koti. Akafuta meza, akapanga stesheni, akatikisa mfuko kama mtu anayeamsha kuku. Fundi seremala naye alikuwepo, na futi yake, anapima.

"Samahani baba, inua kiwiko," akasema fundi.

"Pima ukutani."

"Kabati halikai ukutani, linakaa hapo ulipo."

Saa tano wakapatikana watu. Wa kwanza alikuwa kinyozi wa chumba cha jirani, ambaye mzee alimvuta kwa ahadi kwamba hatakaa sana. Wakaja bwana na bibi waliooana karibuni, waliokuwa wanasubiri mvua ipungue. Wa nne alikuwa muuguzi wa zahanati ya mtaa wa pili, mwanamke mnene mwenye viatu vyeupe, aliyeingia kununua uzi.

"Huu mimi ninao nyumbani," akasema muuguzi.

"Vizuri, mama. Leo utauona unavyochezwa sawasawa," akasema mzee.

Akasimama, akasoma karatasi zake mbili kutoka juu hadi chini. Bibi arusi alijaribu kugusa kigae akaambiwa asubiri. Kinyozi akatazama nje mara tatu.

"Mzee, mimi nimemwacha mtu na nusu kichwa," akasema.

"Nusu gani?"

"Ya nyuma imeisha. Ya mbele ndiyo anayotembea nayo."

Wakacheka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mzee akapata moyo. Wakaanza. Nusu saa ya kwanza ilikwenda kama maji. Bwana arusi alimzibia mkewe njia, mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza, kinyozi akaunga stesheni nne akaanza kuimba. Mwenye duka alisogea akasimama nyuma, mikono kifuani. Hata fundi alikunja futi yake akatazama.

Kisha ikaja ile hali ambayo mzee aliijua kama anavyolijua jino bovu. Stesheni za maana zikawa zimekwisha kuungwa. Vigae vilivyotoka vikawa havina pa kwenda. Watu wakatoa, wakaweka popote, wakatoa, wakaweka. Bwana arusi akapiga mwayo na mkewe akaupokea.

"Huu mchezo au kifungo?" kinyozi akauliza.

"Kaza moyo. Utamu uko mbele," akasema mzee.

"Mbele wapi? Mfuko huo mzito kama wa simenti."

"Watu wa siku hizi hamna subira. Ndiyo shida yenu."

Mlangoni akatokea mtu aliyefungwa taulo shingoni, mbele ana nywele, kisogo kitupu. Alisimama tu, akimtazama kinyozi. Kinyozi akaanza kuinuka.

"Kaa," mzee akasema, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Tafadhali, ndugu yangu. Kaa."

"Mzee, kwa haki ya Mungu, nitakosa mteja."

Hapo ndipo muuguzi, ambaye alikuwa ametia mkono mfukoni muda mrefu akipapasa, alipouliza, "Kwani mlitoa vile thelathini?"

"Vipi thelathini?" mzee akasema.

"Vigae. Mkiwa wanne mnatoa thelathini, mnavirudisha kwenye boksi kabla ya kuanza. Sisi nyumbani tunamaliza kabla wali haujaiva."

"Hakuna neno kama hilo, mama. Mimi ndiye niliyetafsiri maelezo. Nimesoma kila neno."

"Sijui maneno. Karatasi zako mwanangu alizimwagia chai siku ile ile ya kwanza. Na ile lugha ya wenyewe mimi siijui. Nilifuata picha."

Akafungua boksi, akatoa kitabu cha maelezo cha awali, akakiweka mezani mbele ya mzee. Ukurasa wa kwanza, juu, mahali ambapo mzee alipita kila mara akienda kwenye maandishi, palikuwa na mchoro. Vichwa viwili, mshale kuelekea kwenye boksi, hamsini. Vichwa vitatu, mshale, arobaini. Vichwa vinne, mshale, thelathini. Hapakuwa na neno hata moja.

Mzee alivaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Ile michoro ilikuwa pale pale. Alitaka kusema kwamba jambo la maana namna hiyo lingeandikwa, kwamba mwenye akili timamu haandiki sheria kwa vichwa na mishale. Alimtazama mwenye duka, aliyekuwa anasubiri. Alimtazama mwenye nusu kichwa, naye anasubiri. Angeweza kusema kwamba hiyo ni namna nyingine tu ya kucheza, ya watoto. Wangemwamini, maana yeye ndiye Mzee Kanuni. Halafu wangenyanyuka waende zao, kama walivyonyanyuka wote waliotangulia, na fundi angeleta kabati.

"Leta mfuko," akasema.

Akaanza kutoa vigae, kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti, mbele ya watu wote. Alipofika kumi na saba kinyozi akamdakia: "Kumi na nane." Bibi arusi akaingia kwenye kumi na tisa. Thelathini ilisemwa na mwenye nusu kichwa, aliyekuwa amekwisha sogea mpaka mezani.

Vilibaki vigae vichache tu mfukoni. Baada ya dakika nane mfuko ulikuwa mtupu, na bibi arusi ameshinda kwa stesheni moja. Kinyozi akaomba marudio Jumamosi ijayo, akamshika mteja wake bega wakaenda. Bwana na bibi wakachukua boksi moja, wakatoka na ugomvi wao mtamu.

Mwenye duka alingoja watu waishe. "Meza itabaki, mzee wangu," akasema. "Ahadi ni ahadi."

"Asante."

"Ila karatasi zako nazitoa kwenye maboksi yote."

Mzee akaanza kurudisha vigae kwenye boksi.

"Na wale waliokwisha chukua, wapigie simu. Namba zao ziko kwenye daftari la wateja. Sitaki watu wakae na mchezo usioisha wakidhani duka ndilo limewauzia uchovu."

"Nitaandika karatasi nyingine. Nitaongeza sentensi moja tu."

"Ongeza na picha," akasema yule mama, akaenda kuzima feni.

Mchana ule ule, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, mzee alipiga simu saba, kwa sababu wa nane ni muuguzi. Wawili hawakukumbuka hata mchezo wenyewe. Mmoja alimwambia kwamba wao waliupenda hivyo hivyo mrefu, asiwaharibie. Mwingine alicheka mpaka simu ikakatika. Mzee aliweka alama ya vema mbele ya kila jina, kama alivyozoea kusahihisha kurasa za kiwandani, na kila alama ilimkera.

Likabaki boksi la tisa.

Nyumbani mkewe alimkuta mezani, bahasha mbele yake, zile kurasa tatu zimetandazwa.

"Umeshinda au umeshindwa?" mkewe akauliza.

"Meza imebaki."

"Mbona umekunja uso hivyo?"

Akamweleza. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo mzee aliliweka moyoni. Kisha akasema, "Mpigie shemeji simu basi, yaishe."

"Aliniandikia. Nitamwandikia."

"Utaandika nini?"

"Ndiyo ninachotafuta."

Alizikunja kurasa tatu za kwanza, akazitia droo ya chini. Alichana mbili nyingine alizoanza, kwa sababu moja ilijitetea na ya pili ilijitetea zaidi. Alikaribia kuandika kwamba kosa ni la watengenezaji. Alikaribia kuandika kwamba shule ya usiku haina taa za kutosha za kuonea picha, akaona huo ni utani wa kuomba huruma, akauacha. Hasira haikumtoka. Ilikaa naye pale mezani kama mgeni asiyejua kuaga. Mwishowe akaandika huku nayo ipo:

"Kaka, kuna kitu sikukielewa. Mkiwa wawili, toeni vigae hamsini kabla ya kuanza, mvirudishe kwenye boksi. Hilo lipo kwenye picha ya ukurasa wa kwanza, ambayo niliiruka. Ushusheni mchezo kutoka kabatini. Msalimie shemeji. Mdogo wako."

Aliisoma mara nne. Haikuwa na kosa la herufi. Chini yake, kwa mkono usiozoea, akachora vichwa viwili, mshale, na boksi. Vichwa vilitoka kama viazi. Aliviacha hivyo hivyo.

Bahasha ilikuwa ile ile, stempu imekwisha bandikwa. Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya sanduku la posta, akalamba gundi, akabana mdomo wa bahasha kwa kidole gumba kutoka pembe moja hadi nyingine, akarudia, maana hakuiamini gundi ya siku hizi. Kisha akaitumbukiza.