Mwiko wa Kitalu cha Apenisa

Mwiko ule aliuomba Vilimaina mwenyewe, asimlaumu mtu. Siku walipomzika mumewe, Apenisa, wazee waliuliza ni bahari ya wapi ifungwe kwa heshima ya marehemu. Yeye akanyoosha kidole kwenye kitalu cha matumbawe, pale mumewe alipomalizia nusu ya umri wake akifunga vipande vya matumbawe hai kwenye kamba ili vikue. Miti ikachomekwa, makuti yakafungwa, na ikawa marufuku mtu kutia mguu mpaka usiku wa mia wa msiba. Lo, mapenzi haya! Hakuna aliyekumbuka kwamba kitalu nacho kinataka kuangaliwa.

Sasa bahari imepata homa. Hata pale ufukweni alipokaa Vilimaina, maji yalikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Tumbawe likizidiwa na joto hupoteza rangi, na likikaa hivyo hufa. Dawa yake ni kushusha kamba kilindini kwenye ubaridi, na upesi.

“Bado umekaa tu?” Alikuwa Semisi, binamu yake, akivuta boti mchangani. Kwao binamu ni watani, hawaoneani haya hata msibani. “Mjane gani wewe, hata nzi wamekuchoka. Nimepita nje ya miti sasa hivi. Vitu vya mumeo vimekuwa vyeupe kama meno ya bandia.”

“Niache, Semisi. Leo sina kicheko.”

“Basi kaombe mwiko utolewe. Joto halitakungoja umalize kulia.”

Rahisi kusema. Mwiko ukitolewa, na msiba umekwisha. Atavua gauni jeusi. Wanawake hawatakuja tena jioni kukaa naye mkekani, na jina la Apenisa halitatajwa kila mlo. Watoto wako mjini Suva, wanapiga simu Jumapili wakikumbuka. Ukweli ni kwamba msiba ndio uliobaki kumpa watu nyumbani, na aliogopa kuupoteza.

Hata hivyo alichukua mizizi ya yakona, ile ya kinywaji cha heshima ambayo mwenye ombi huitanguliza, akaenda kwa Ilaitia, mkuu wa ukoo wa mumewe. Mzee aliipokea, akapiga makofi ya heshima, kisha akamtazama sana.

“Tukiutoa tumeutoa, mwanangu. Hatumlilii mtu nusu nusu.”

“Najua, baba.”

“Na ukishautoa, usije ukasema tulikuharakisha.”

“Utoeni, baba. Yale matumbawe ndiyo yaliyobaki ya Apenisa.”

Asubuhi miti ikang’olewa. Vilimaina akavaa gauni la maua lililomkaa kama la kuazima, akapelekwa na Semisi kwa boti mpaka kitaluni, akajitosa majini.

Alichelewa. Kamba baada ya kamba, nyeupe pe, na nyingi zimeshaota utelezi wa kijani. Zote! Apenisa alivipata vipande vyake vyote kwa tumbawe moja tu, lile zuri la mwambani lililokua haraka, akalikata, akakata na vilivyotoka humo. Vilimaina alimwambia mara ngapi: hawa wote ni damu moja, ugonjwa wa mmoja ni wa wote. Mume akacheka. Na mke alipoleta vipande vyake kutoka kidimbwi cha nyuma ya mikoko, ambako maji yakipwa huunguza nyayo, alicheka zaidi. Akampa kamba moja, ya mwisho kabisa. Kila jioni alimtania, akiuliza kama vile vipande, “watoto” wake, wamejifunza kutambaa.

Akaogelea mpaka kamba ile. Vipande vilikuwa vifupi, vibaya, vya rangi ya udongo. Vizima. Hakuna hata kimoja kilichopauka.

Aliibuka kwa pupa, mdomo umeshafunguka kumwita Apenisa aje aone, aje akubali kushindwa. Kwenye boti alikuwa Semisi peke yake.

“Vipi?”

“Vyake vimekwisha.” Alishika ukingo wa boti. “Vyangu vizima. Vile vya kidimbwini.”

Semisi, ambaye hata jeneza alilitania, aliyatazama maji.

“Sema kitu basi,” alisema Vilimaina. “Vicheke. Sema ni vibaya, sema havikui.”

“Binamu…”

“Nitanie, Semisi!”

Semisi alijaribu. Mwishowe aliinama akamshika mkono amvute juu, lakini Vilimaina akauchomoa, akarudi chini kushusha kamba yake kilindini.