Jibini la Roswitha Katika Mfuko wa Balozi

Gisbert Wendelstorf alirudi kijijini kwetu akiwa balozi mstaafu, mgane, na uso uliopigwa pasi. Maisha yake yote aliitumikia Ujerumani nchi za nje, na kila alikopelekwa alipanda cheo kwa sababu moja: hakuna kilichomtia kichefuchefu. Akiletewa jicho la kondoo, analisifu. Akiletewa uongo, anaomba aongezewe.

Sasa alimtaka binamu yangu Roswitha Kämmler, mjane, mtengeneza jibini la utitiri. Roswitha alishamkubali nusu. Nusu nyingine ilikuwa ndani ya sanduku.

Kwetu jibini hulazwa kwenye sanduku la mbao lenye utitiri, vijidudu vidogo kama vumbi, wakalitafuna na kulichachusha mpaka likawa la kahawia, kisha tukalila pamoja nao, wazima wazima. Sanduku la Roswitha ni la bibi yake. Ukoo wa wadudu wale ni mrefu kuliko wa wafalme. Mwanamume anayetaka kuingia nyumba ile hula kipande mbele ya watu. Basi.

Jumapili, baada ya ibada, tukajaa mezani. Roswitha akampakia jibini kwenye mkate. Vumbi la juu lilikuwa linatembea.

"Karibu, Mheshimiwa," akasema Detlef mchinja nguruwe. "Usiwaogope, wao wameshakula."

Gisbert akacheka, akainua mkate, akajifuta mdomo kwa leso. Mkate ukawa haupo.

"Utamu wa ajabu," akasema. "Umenikumbusha supu ya jenerali mmoja. Tunakula bustanini kwake, nyuma ya ukuta wafungwa wanapigwa, tunawasikia kabisa. Nikamwambia, Mtukufu, supu hii haina mfano. Mkataba wa reli akautia saini palepale."

Roswitha akaweka birika chini.

"Na supu yenyewe ilikuwaje?"

"Nitajuaje? Niliimwaga kwenye maua." Akatabasamu. "Ndiyo kazi yenyewe, mpenzi."

Hapo utitiri, walioonja joto la mfuko wa koti, wakaanza kuhama. Walipanda kifuani, wakaizunguka nishani yake kama mahujaji, wakashika njia ya kola. Naapa wengine walisimama kupumzika kwenye tai.

"Balozi," akasema Detlef, "raia wako wanatoroka."

Roswitha akautoa mkate mfukoni, umefungwa vizuri ndani ya leso.

"Ungesema tu hulitaki. Ningekukaangia yai."

"Sikutaka kukuudhi."

"Na jenerali pia hukutaka kumuudhi."

Akachukua brashi ya unga, akamfagia polepole, kola hadi kifuani, wadudu wote akawarudisha sandukuni. Kisha akampa kofia yake.

Gisbert alitoka na tabasamu lilelile. Mlangoni akanipa mkono, akasifu mapokezi.

Nikaenda moja kwa moja kunawa. Utitiri hawanisumbui, nimewala tangu utotoni.