Vyombo vya Dreama

Ukiketi barazani kwa Verlin Mounts, kliniki ya kuwaachisha watu unga wa kulevya unaiona kwa macho yako. Iko pale ng'ambo ya mto, jengo la matofali lenye taa ya buluu, na mtu mwenye mapafu mazima angevuka daraja na kufika kabla kahawa yake haijapoa. Lakini mto ule ndio mpaka. Ng'ambo ni Kentucky, huku ni West Virginia, na kadi ya matibabu ya Dreama, binti yake Verlin, ilitolewa na jimbo la huku. Kiangazi, ng'ombe huuvuka mto huo bila kulowa tumbo. Kadi haivuki.

Basi Verlin akatafuta ndani ya jimbo. Kila asubuhi alijiwekea mpira wa oksijeni puani, kwa maana vumbi la makaa ya mawe lilikuwa limemmaliza kifua, akaketi mezani jikoni na simu yake. Alipiga simu Beckley, akapiga Huntington, akapiga Charleston mpaka wapokea simu wakamjua kwa kikohozi chake. Wengine hawakuwa na kitanda. Wengine walichukua wanaume tu. Mmoja alimwambia mgonjwa lazima kwanza akae wiki nzima bila kutumia kitu.

"Angeweza kukaa wiki nzima, dada yangu, mimi ningekupigia simu ya nini?" Verlin alimuuliza.

Yule dada akasema, "Hapo umesema kweli, bwana. Jaribu tena kesho."

Dreama mwenyewe alikuwa chumba cha nyuma. Alikuwa mtu wa kazi, Dreama. Alihudumia wazee katika nyumba ya wazee, akiwanyanyua vitandani na kuwaketisha vitini, hadi siku mgongo wake ulipoteguka. Akapewa vidonge vya maumivu. Vidonge vilipokatwa, maumivu hayakukatwa, na mitaani kulikuwa na unga wa bei nafuu kuliko vidonge. Julai alirudi kwa baba yake na begi moja, mifupa ya shingo imemtoka.

Kanisani walipouliza habari zake, Verlin alisema yuko Carolina, kapata kazi. Alikusudia kulisema mara moja tu, lakini uongo wa namna hiyo unataka kulishwa kila Jumapili. Majani yalipoanza kupukutika, Dreama wa Carolina alikuwa amepandishwa cheo na kununua gari, na Dreama wa chumba cha nyuma hakuwa na nguvu hata za kuoga.

Jumatatu ya wiki ya kulungu, ile ya kuwinda mwezi Novemba, simu ikalia yenyewe. Nyumba moja ya wanawake huko kaskazini mwa jimbo, mwendo wa nusu siku milimani, ilikuwa imepata kitanda. Aliyekuwa akikilalia alikuwa ameondoka asubuhi ile.

"Tunamshikia binti yako mpaka saa kumi na moja jioni," sauti ikasema. "Ikipita hapo, kuna mwingine anayesubiri. Ila aseme mwenyewe kwamba anataka."

Verlin akapeleka simu chumba cha nyuma. Dreama alijiinua kwa kiwiko, akaipokea. Kisha akasema, "Nataka." Akaurudisha uso wake ukutani.

Sasa, nani wa kuwapeleka? Verlin alikuwa amezirai akiendesha mwaka uliopita, akaishia mtaroni. Gari lake lilikuwa uani limekaa juu ya magurudumu yasiyo na upepo. Na wiki ya kulungu si wiki ya kumtafuta mtu. Shule zinafungwa, migodi inapoa, na kila mwanamume mwenye miguu yuko mlimani na bunduki, mahali ambapo simu haishiki. Barabara nzima lilikuwepo gari moja tu, la jirani yake Oleta Vance. Na Oleta, kwa habari za watu, hakuwa msengenyaji wa kawaida. Alikuwa redio nzima na mtangazaji wake.

Verlin akapiga moyo konde, akavuka barabara akiburuta mtungi wake wa oksijeni.

Oleta alikuwa jikoni akisukuma chapati za pai za sikukuu ya Shukrani, ngano hadi viwikoni. "Kaka Verlin! Umekuja kunifia mlangoni na wiki yenyewe hii?"

"Dada Oleta, nina shida. Nataka unipeleke mahali."

"Duka la dawa?"

"Mbali zaidi. Ni Dreama. Dreama hayuko Carolina."

Oleta akaweka mti wa kusukumia chini. "Verlin, taa ya chumba chake naiona inawaka tangu Julai. Ulidhani nafikiri unamwashia paka?"

"Kumbe ulijua?"

"Kanisa zima linajua. Mchungaji anajua. Mbwa wa mchungaji anajua."

"Na mbona hamkuniambia kitu?"

"Ulisema yuko Carolina! Tukuite mwongo mbele ya madhabahu, na mapafu yako hayo?" Alikuwa ameshafungua aproni. "Mwambie avae koti zito. Hita ya gari langu ni kama mume wangu, inafanya kazi ikijisikia."

Wakaondoka. Dreama alijikunja kiti cha nyuma, blanketi mabegani na ndoo miguuni, maana arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilikuwa imeshamwanza. Jasho lilimtoka na huku anatetemeka, pua inachuruzika, miguu haitulii. Oleta aliongea mlima hadi mlima. Aliongea juu ya pai, juu ya goti lake, juu ya mwanamke fulani aliyepaka nywele rangi ya karoti. Verlin alitazama saa ya gari, halafu kioo cha nyuma, halafu saa. Hakuomba kwa maneno. Alisema tu moyoni, tufike, tufike, tufike.

Waliposimama kujaza mafuta, Dreama akaenda chooni. Hakurudi. Verlin akazunguka nyuma ya kituo na kumkuta amesimama kando ya mapipa ya taka, anaitazama barabara inayorudi kusini. Lori lilikuwa likipunguza mwendo.

"Mama," Verlin akamwita, kama alivyomwita tangu akiwa mtoto mchanga.

"Siwezi, Baba. Mwambie Oleta ageuze gari, au mimi napanda lori lile."

"Huko mbele wanakungojea."

"Wananingojea mimi, au wanangoja kitanda kijae?" Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Unakumbuka mama alivyougua? Chakula kilivyokuja? Friji haikufunga. Mabakuli mengine tuliyaweka nje kwenye theluji. Na baadaye ni mimi niliyezunguka kurudisha vyombo, nilikuwa mdogo hata kengele za milango sizifikii. Kila mlango nilipewa busu na biskuti."

"Nakumbuka."

"Mimi nina mwaka wa ngapi naumwa? Nani kaleta hata kipande cha mkate? Ndiyo maana najua mimi si mgonjwa, Baba. Mimi ni aibu."

Verlin alitaka kujibu, akakosa pumzi. Mtungi alikuwa ameuacha garini. Akakaa chini kwenye ukingo wa saruji, midomo ikigeuka rangi, mkono kifuani. Lori likasimama. Dreama akalitazama lori, akamtazama baba yake.

"Ah, Baba, wewe nawe!" Akatupa blanketi la mabegani. Akachuchumaa mbele yake, mgongo wima, akapitisha mikono chini ya makwapa yake na kuikutanisha nyuma. "Nishike shingo. Usinisaidie, legeza mwili. Nikihesabu tatu." Akamnyanyua kama alivyowanyanyua wazee wote wale, kwa magoti na si kwa mgongo, ingawa mgongo wenyewe ulimfanya akunje uso. Wakaenda hivyo hadi garini, huyu akitetemeka na yule akihema, hujui nani kamshika nani. Na kwa kuwa alikuwa ameshafika garini, Dreama akaingia.

Walifika jua bado linagusa mapaa. Mwanamke aliyefungua mlango alisema, "Wewe ndiye Dreama. Kitanda chako kipo." Dreama hakugeuka nyuma. Verlin alikaa akiutazama mlango ule uliofungwa hadi Oleta alipowasha gari.

Safari ya kurudi Oleta alinyamaza, na hilo peke yake lilimtia Verlin hofu. Mwishowe akauliza, "Kule nyuma ya mapipa alisema nini?"

Verlin akamweleza. Habari za friji, za mabakuli kwenye theluji, za mkate ambao haukuletwa.

Oleta akatoa gari kando ya barabara, akalisimamisha, akaupiga usukani kwa viganja vyote viwili. Kisha akalia kwa sauti, mtu mzima yule. "Verlin Mounts, mimi nilimpikia! Agosti nilimpikia kuku na madonge ya ngano, nikavuka nusu ya barabara na sufuria mkononi, nikarudi. Utampelekeaje kuku mtu aliye Carolina? Ungekifungua kile chombo ungejua tunajua, na mimi nilisema, mwache mzee wa watu na heshima yake. Kumbe heshima yako ndiyo iliyomlaza yule mtoto njaa!"

Verlin alitoa leso yake, akampa Oleta, na Oleta akaitumia akairudisha imelowa.

Asubuhi yake redio ya Oleta ikafungua matangazo. Wa kwanza kuja alikuwa mke wa mchungaji na viazi vya kuokwa na jibini. Akaja mwalimu wa shule ya Jumapili na maharage na mkate wa mahindi, akafuatiwa na watu ambao Verlin hakuwa amewaona barazani kwake tangu msiba wa mkewe, Nadine. Hata wanaume waliteremka mlimani na paja la kulungu limefungwa kwenye karatasi. Chini ya kila chombo palikuwa na utepe wa gundi wenye jina la mwenyewe, kama ilivyo desturi, maana chombo lazima kirudi nyumbani kwake kimeoshwa. Na kila mmoja mlangoni alisema neno lile lile: "Hiki cha Dreama." Haikumshangaza mtu kwamba Dreama hayupo. Chakula kinakwenda kwenye nyumba ya mgonjwa, popote alipolala mgonjwa mwenyewe.

Carolina haikutajwa, isipokuwa na mzee Estil, ambaye hana simile. "Kwa hiyo lile gari alilonunua halipo?"

"Halipo, Estil."

"Basi. Nilitaka kumuuliza kama analiuza."

Siku ya Shukrani, mchana, simu ikalia. Alikuwa Dreama, na sauti yake Verlin aliijua kabla haijasema neno.

"Baba, njoo unichukue. Mwambie Oleta. Mifupa inaniuma yote, silali, hapa kila mtu ana mtu wake wa kumpigia na wanacheka. Mmoja kaondoka jana, mlango haufungwi kwa ufunguo. Nikitoka sasa hivi nakuta usafiri."

Verlin akakaa chini. Alijua akibishana naye atampoteza, na kuamuru hakuwa na pumzi ya kuamuru. "Nitakuja ukisema nije," akasema. "Ila hapa nyumbani kuna tatizo."

"Tatizo gani?"

"Friji haifungi."

Dreama akauliza kwa sauti ndogo, "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Baba, usinifiche. Nani kafa? Oleta?"

"Oleta huyo atatuzika wote. Hajafa mtu, mama. Ni vyako. Wamekuletea wewe, kwa sababu unaumwa."

"Uongo. Wewe umezoea kudanganya, ulinipa mpaka gari huko Carolina."

"Haya, subiri." Akaweka simu mezani, sauti juu, akachukua sufuria ya kwanza na kuinyanyua usawa wa miwani yake. "Oleta Vance. Kuku na madonge. Hii kaileta mwenyewe akilia." Akachukua bakuli. "Lurleen wa mchungaji. Viazi." Aliendelea hivyo, akinyanyua kila chombo na kusoma utepe wake, vya mezani, vya kwenye friji, mpaka akatoka barazani kusoma vile alivyoviweka nje kwenye baridi, mpira wa oksijeni ukimvuta pua. Alirudi akihema. Kwenye simu kulikuwa na kilio, kile cha mtoto, kisichojali nani anasikia.

"Soma tena," Dreama akasema.

Akasoma tena. Alipofika kwa Estil, ambaye alileta mkebe wa mahindi kutoka dukani na kuuandika jina chini vilevile, Dreama alicheka katikati ya kilio.

"Wewe umekula nini?" akauliza.

"Kidogo kila kimoja. Nitapasuka. Oleta ana gari, tunaweza kuja. Sema tu."

Verlin akangoja. Nje taa ya buluu ya ng'ambo ilikuwa inawaka mchana kweupe, na yeye aliitazama bila kuiona. Alisikia binti yake akivuta pumzi, akipiga chafya, akijifuta.

"Usivirudishe vyombo," Dreama akasema.

"Eti?"

"Vioshe, uviweke. Usimrudishie mtu. Nitavirudisha mwenyewe nikitoka, mlango kwa mlango."

"Watakaa bila mabakuli hadi masika, Dreama."

"Wakae," akasema, na simu ikakatika, maana muda wake ulikuwa umekwisha.

Verlin aliosha vyombo hadi vidole vikakunjamana. Akavipanga juu ya kitanda cha chumba cha nyuma, vimefudikizwa, majina yote juu. Wiki ya pili Oleta alikuja kuuliza sufuria yake, akaonyeshwa kitanda na kuambiwa nani atakayevirudisha. Kisha akaenda zake kununua sufuria nyingine.