Kahawa Iliyogoma Kumiminika

Oktoba 2003, wiki ya uchaguzi wa Majlis Shura, baraza la ushauri la nchi, Radhia alizunguka nyumba za kijiji kimoja nje ya Ibra, na kila nyumba aliwekewa kahawa asiiguse. Ndiyo desturi: mwenye haja hanywi mpaka mwenyeji aikubali haja yake. Haja yake ilikuwa kura. Alitaka zahanati ipate daktari wa kike, maana wanawake walichoka kuzalia garini wakipelekwa hospitali ya Ibra.

"Shikamoo, bibi," alimwambia Bi Ghanima. "Sinywi mpaka unijibu."

"Marahaba. Ishrabi, mwanangu. Wallahi kura yangu yako."

Akanywa. Akanywa nyumba zote, mpaka usingizi ukamhama.

Alishinda Hamoud, binamu wa sheikh wa kabila, ambaye hakutoka hata barazani kwake. Asubuhi ya pili kahawa ikagoma kutoka kwenye madalla, mabuli yake. Imo ndani, ya moto, inanukia iliki. Ukiliinamisha dalla, halitoi hata tone. Bi Ghanima alipeleka lake kwa fundi, akamkuta fundi anainamisha la kwake. Kwa Hamoud tu kahawa ilimiminika, kwa kuwa yeye hakumwahidi mtu kitu.

Hakuna aliyeuliza sababu. Kabla ya kura sheikh aliwapa waume neno wamchague Hamoud, waume wakawapa wake zao, na watu wazima na akili zao wakafuata kama mbuzi wa kuswagwa. Dukani majani ya chai yaliisha kabla ya adhuhuri.

Radhia alikasirika, lakini hakushangaa. Alirudi kwake, akachemsha kahawa, akainamisha dalla mbele ya mumewe, Shihab, ambaye ndiye wa kwanza kumwambia anywe. Halikutoa kitu.

"Umempa nani?"

"Hamoud. Huyu mtu wetu, Radhia."

Radhia alizaliwa Bujumbura. Alikuwa amekaa kijijini hapo miaka kumi na tisa na kuzaa watoto watano.

"Na mimi mtu wa nani?"

Shihab aliokota kikombe kitupu, akakitazama ndani. "Tia chai basi," alisema.

Kahawa haikurudi. Mwaka 2007 Hamoud aliposimama tena, alikaribishwa kila nyumba kwa chai, na watu wakaizoea. Mwezi uleule Tamima, bintiye Bi Ghanima, alijifungua kando ya barabara, karibu na kituo cha petroli. Mama yake alikuwa naye kiti cha nyuma, akimshika mkono, akimwambia Ibra si mbali.