Kundi la Wateja wa Madam Lorine

Lorine alikuwa mshauri nasaha huko Njiru, katika chumba kilicho juu ya duka la dawa. Watu walimletea mambo ambayo hawangethubutu kuwaambia hata ndugu zao. Simu ilipozidi kulia katikati ya vikao, aliamua kumkabidhi kazi ya simu na miadi Gitonga, bwana wa Kariokor mwenye kampuni ya kusaidia ofisi ndogo ndogo.

"Na siri za wateja?" Lorine alimuuliza.

"Madam, hapa kwetu siri ni dini," Gitonga akasema, mkono kifuani.

Dini hiyo ilikuwa na waumini wengi: akina dada waliopokea simu, binamu aliyeshughulikia kompyuta, na yeyote aliyeingia kuomba chaja. Lorine hakuuliza zaidi. Alituma majina, nambari, hata shida ya kila mteja, kwa vile kuziondoa shida hizo kwenye orodha kungemchukua mchana mzima.

Gitonga aliona kumkumbusha mteja mmoja mmoja ni kujichosha bure. Akafungua kundi la WhatsApp, akaliita "Wateja wa Madam Lorine, Afya ya Akili", mtu asije akadhani ni la harusi. Kisha akaandika: "Habari wapendwa. Patrobas, kikao chako cha hasira ni kesho saa nne. Njoki, wa ndoa, saa tano. Karibuni nyote."

Patrobas alikuwa mzee wa kanisa, mwalimu wa uvumilivu kwa wachumba. Wanakwaya kadhaa wa kanisa lake, nao wateja, walikuwa kundini. Mmoja alimtumia emoji ya makofi.

"Umenianika!" Patrobas alimfokea Lorine kwenye simu. "Mimi sina hasira!"

Njoki naye alikuwa amemwambia mumewe kwamba siku za kikao yeye huenda sokoni Gikomba kutafuta mitumba. Wifi yake, ambaye bila shaka aliingizwa kundini kwa makosa, alimpigia kaka yake papo hapo.

Lorine alifika Kariokor akihema.

"Lakini madam," Gitonga akasema, "si hakuna aliyesahau miadi?"

Lorine alisimama nyuma yake mpaka kundi likafutwa, na kila kitu kikatolewa kwenye kompyuta na simu ya binamu. Halafu akawapigia wateja mwenyewe. "Ulinieleza mimi, si Gitonga. Kosa ni langu," alimwambia kila mmoja.

Patrobas alirudi. Alikaa, akakunja ngumi, akakiri kwamba pengine hasira anayo kidogo.

Simu ya Njoki ilipokelewa na mwanamume. "Wewe ndiye wa mitumba?" aliuliza. Lorine alisema amekosea nambari, akakata.

Baadaye Njoki alipiga kwa simu ya jirani. "Usinipigie tena," alisema kwa sauti ya chini. "Nikitaka, nitakuja mwenyewe."

Hajaja.